Mtangazaji Aliyeona Haya Kuuliza

Habari za kifo chake nilizisikia redioni, katika matangazo ya vifo ya saa saba, nikiwa hotelini mjini Kisii nasubiri ugali. Mwenye hoteli aliongeza sauti, akatikisa kichwa, akasema, "Gwiji wa vitabu ametuacha." Nilikula kimya, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya kabla hajazikwa. Sasa amezikwa, kwa hiyo tuseme. Katika miaka yote aliyowahoji waandishi redioni kuhusu vitabu vyao vipya, gwiji huyo hakuwahi kusoma hata kimoja. Ninajua, maana mimi ndiye niliyeendesha mashine ya kurekodi katika chumba kile kidogo cha mjini, kisha nikazipeleka tepu stendi zipande basi la Kisumu, kwenye kituo cha redio.

Yeye alisoma jalada. Mwalimu mmoja wa Mosocho alileta riwaya yake ya kwanza, na jaladani palichorwa jembe. Mtangazaji wetu akakohoa, akawaambia wasikilizaji kwamba leo wamepata mtaalamu wa kilimo, akamuuliza mwalimu mahindi yapandwe kwa nafasi gani. Jembe lile, ndugu msomaji, ndilo lililomuua mtu katika sura ya pili. Mwalimu alikuwa Msabato mwenye adabu zake, akajibu habari za mahindi mpaka muda ukaisha. Barua zilizokuja baadaye ziliuliza kuhusu mbolea. Na bado tulimsifu mtangazaji, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito. Ndiyo iliyokuwa akili yetu baada ya uhuru: mtu akipewa kipaza sauti, tuliamini amepewa na maarifa. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulilichezea ngoma.

Kisha, miaka ya mwanzo ya sabini, akaja mkunga wa zahanati moja ya upande wa Kebirigo. Alikuwa ameandika kitabu chembamba juu ya mimba na uzazi, kwa kuwa alichoka kuwapokea wanawake walioletwa kwa machela wakati damu imeshawaishia. Alijua wengi wao wasingekisoma, lakini redio ya betri ilikuwa imefika karibu kila kijiji. Kipindi kile kilikuwa nafasi yake ya pekee ya kuwatajia dalili za hatari kabla hawajachelewa. Mtangazaji akaanza kama ilivyo kawaida yetu Wagusii, kwa kuuliza ukoo: wewe ni binti wa nani, umeolewa wapi? Alipomtaja mumewe, uso wa bwana mkubwa ulibadilika. Mume yule alikuwa mtoto wa binamu yake. Mama huyu, basi, alikuwa mkamwana wake, na kwetu baba mkwe hazungumzi na mkamwana mambo ya mwili. Haya hiyo tunaiita ensoni, na si mchezo. "Tuambie," akasema, macho ukutani, "chai inaendeleaje huko kwenu?"

Angalifungua kitabu hata jioni moja kabla, angaliliona jina la mume kwenye shukrani, na angalimtafuta mtu mwingine wa kuuliza. Mama akajibu kwamba chai haijambo. Akaulizwa ndizi. Ndizi nazo hazikuwa na neno. Alipoulizwa barabara, akaweka mikono juu ya meza. "Tata," akasema kwa heshima zote, kama mtu anavyomwita baba, "ensoni naiheshimu. Lakini sikuja hapa kwa ajili ya ndizi. Kuna wanawake wanatokwa na damu, na nyumbani wanaambiwa wavumilie. Kama ni vigumu kwako kusikia, nakuomba utoke kidogo niongee nao." Akatoka, tena mbio. Mama akakivuta kipaza sauti, akasema na wanawake wa Kisii na Nyamira kama dada anavyosema jikoni, bila kuficha neno. Mtangazaji aliporudi alitia saini kwenye kasha la tepu bila kuisikiliza. Tepu ikapanda basi.

Kipindi kilipotangazwa, wazee wa ukoo walimwita mtangazaji, naye akaapa kwamba hakuwamo chumbani. Baadaye akina mama wakaanza kufika zahanati mapema, wakisema redio ndiyo iliyowatuma. Wakubwa wakasifu, na rafiki yetu akakumbuka ghafla kwamba lilikuwa wazo lake. Nilidhani uongo huo utakufa naye. Juzi kwenye mazishi, nyumbani kwake karibu na Sironga, mhubiri na mwanasiasa walipokezana kumsifu kama mwanamume wa kwanza kuwapa wanawake sauti. Mkunga alikuwa nyuma pamoja na wake wa ukoo, akimenya ndizi za wageni, na hakuna aliyemwita mbele. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Nikamfuata, nikamuuliza mbona hasimami akasema ukweli. Hakuacha kumenya. "Siku ile nilikuwa na jambo la kusema," akanijibu, "na waliopaswa kulisikia walilisikia. Haya ya leo ni ya wanaume."

Mimi sina upole wake. Kuona haya si dhambi, na desturi zetu si upumbavu. Upumbavu ni asiyeweza kuuliza kukalia kiti cha muulizaji, nasi kumpigia makofi. Kazi bora aliyowahi kuifanya marehemu katika utangazaji ni kutoka chumbani siku ile. Ninawajua wengi walio hai ambao hata hiyo hawajaifanya.