Shamba Langu Kati ya Mijohoro

Enzi za Mwingereza mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge, akaniacha kwa mama yake, katika kijiji cha Wanyaturu jirani na Mungaa. Nilikuwa mke mpya, mdomo mwepesi, na hasira zangu sikuziweka mbali. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ile ile niliyofika. Shamba ndilo nililonyimwa. Mama mkwe alisema mke ambaye mumewe hayupo anaweza kuamka asubuhi akarudi kwao, na yeye hakuwa na ardhi ya kumgawia mpita njia. Basi nikawa nalima lake, nakula chunguni mwake, na kila tonge nililomega alilisindikiza kwa macho mpaka linafika kinywani.

Nilitaka shamba langu. Wenzangu walitaka kanga na shanga, mimi nilitaka mahali ambapo nikipanda uwele, ni wangu.

Ndipo akaja Bwana Miti. Wote tulimwita hivyo, kijana wa kaptula ya kaki aliyetumwa na serikali kuotesha msitu kwenye kilima chetu, maana kuni zilikuwa zimekwisha na tulizifuata mbali. Alitengeneza matuta karibu na kisima, akasia mbegu za mijohoro, akaezeka nyasi juu yake kuzuia jua, akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Tulimcheka sana. Mwanamume mzima anaogesha majani! Lakini mvua za kwanza zilipodondoka, miche ile ilipandwa kilimani kwa mistari iliyonyooka, na Bwana Miti akatangaza kwamba anagawa vipande vya kulima.

Sharti lilikuwa rahisi. Panda uwele wako kati ya mistari, palilia mche kama unavyopalilia uwele, mavuno ni yako. Matawi yakishashikana juu, kivuli kitaua nyasi chenyewe na miti haitahitaji jembe tena. Hapo utaondoka. "Hiyo itachukua miaka," alisema. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Sasa, sisi Wanyaturu hatulimi bila samadi. Kwetu shamba lisilo na samadi ni aibu, na mwenye shamba husemwa mpaka sokoni Ikungi. Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikaomba samadi ya zizini.

"Beba," alisema. "Hiyo hata ukikimbia nayo kwenu sitakufuata."

Nilibeba. Kikapu kichwani, kilima kinapanda, jasho linachuruzika, na jirani yangu wa kipande cha pili amekaa juu ya jabali anafurahia. Huyo mama alikuwa mvivu wa kuzaliwa. Alikuna ardhi kidogo, akatupa mbegu, akamwachia Mungu. "Mwanamke mwenzangu," alinitania, "unaipikia miti?" Nikamwambia afunge mdomo, inzi wataingia.

Uwele wangu ulitoka, wewe! Masuke manene, shina gumu. Nilijaza ghala, nikanunua chungu changu, nikapika ugali wangu na mlenda wangu, nikala bila kutazamwa. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Nilikuwa na furaha mpaka nikaanza kuimba nikisaga, nami sauti sina.

Lililonipita ni jambo dogo tu: mche wa mjohoro nao una mizizi. Samadi niliyoipeleka kwa uwele, miti iliinywa. Miche ya jirani ilikuwa bado inachungulia kwenye magugu wakati yangu imenizidi kimo. Msimu wa tatu uwele wangu ulianza kurefuka mwembamba ukitafuta jua. Nikatazama juu, nikaona matawi yameshikana.

Bwana Miti alikuja akiwa na uso wa furaha na wa aibu kwa pamoja. "Mama, hii ndiyo miti mizuri kuliko yote kilimani," alisema. Kisha akakohoa. "Lakini shamba limekwisha."

"Na la yule?" Nilimwonyesha kipande cha jirani, miche yake imedumaa, uwele wake mfupi unaota jua.

"La yule bado."

"Kwa hiyo mvivu anakaa, mimi nafukuzwa kwa sababu nimefanya kazi?"

"Sheria, mama."

Nilimrushia maneno ambayo leo siwezi kuyarudia mbele ya wajukuu. Maskini, alisimama akayapokea yote, kofia mkononi. Nikarudi nyumbani nikilia kwa sauti njia nzima. Kuliko kurudi kwenye chungu cha mama mkwe, niliona ni bora nirudi kwetu kweli.

Mama mkwe alikuwa ameshasikia, maana jirani alifika kabla yangu. Asubuhi alichukua fimbo yake akasema tufuatane kilimani, na huko alikuwa hajawahi kukanyaga. Alipita kati ya miti yangu. Aliinama, akachota udongo, ulikuwa mweusi, akausugua viganjani, akaunusa.

"Samadi yangu yote uliileta huku?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenye mti wa serikali."

"Kwenye uwele wangu, mama. Mti ulikula bila kukaribishwa."

Alicheka. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akicheka. Tuliporudi hatukuingia ndani. Alinipeleka shamba lililo nyuma ya zizi, ardhi yake bora kuliko zote, akapita akiburuta fimbo mpaka likawa nusu kwa nusu. "Huku ni kwako," alisema. "Mtu wa kukimbia habebi samadi kupanda kilima."

Msitu uliendelea bila mimi. Bwana Miti alikuja kupunguza miti dhaifu ili mizuri ipumue, tukapata fito za kujengea. Miaka mingi baadaye miti iliyokomaa ilikatwa kuni, na visiki vikachipua tena vyenyewe.

Mume wangu alirudi kutoka Tanga wakati wa zile fito za kwanza. Alipumzika, akanoa jembe, akamuuliza mama yake alime wapi. Mama mkwe alimwambia aniombe mimi.