Usimwachie Mgonjwa Raundi

Mwanangu, weka simu chini kidogo, gemu yako haitakimbia. Kuna Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka sikai kitako, hata leo na magoti haya mabovu. Nitakusimulia huku natembeatembea humu sebuleni, na wewe usinitazame hivyo.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo. Tuliishi mtaa wa Bakoba, mimi, mama na kaka yangu Elisha, kwa kuwa baba alikuwa ameshatangulia. Ilikuwa miaka ile ambayo kengele ya kanisa letu ikilia katikati ya wiki, hakuna aliyeuliza kuna nini; tuliuliza ni nani. Mama alikuwa akisema kwamba wakati wa vita angalau ulisikia mzinga, ukajua ukimbilie upande gani. Huu ulikuwa ukimwi. Nautaja leo, siku zile tuliuita kwa majina ya pembeni, tukiogopa kuutaja usije ukatugeukia. Mimi roho haikutulia kabisa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikateka maji pipa likiwa limejaa, ili mradi nisikae.

Elisha alikuwa akifuata nguo Kampala, na safari moja alirudi na mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, pamoja na kaseti moja tu. Watu wawili wanapigana, raundi tatu, na mwenye kushinda mbili ndiye bingwa. Kule Kampala alikuwa ameicheza kwenye yale makabati makubwa ya kusimama yanayokula sarafu, akanogewa nayo mpaka basi likamwacha. Lakini hii ya nyumbani ilimuudhi. Kwenye kabati mtu akipigwa ngumi damu iliruka; kwenye kaseti yetu damu walikuwa wameitoa, wakaweka jasho la kijivu.

"Wametuletea ya watoto wa shule ya Jumapili," alilalamika, na bado aliicheza mpaka vidole vikaota sugu.

Mpinzani wake alikuwa Novati, seremala wa mtaa wa pili na rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walivyokuwa wakitukanana mbele ya ile televisheni, mgeni angedhani wanagombea kibanja cha migomba. Leo huyu bingwa, kesho yule, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake alishinda kwa bahati.

Kisha Elisha akaanza kukonda. Vijana waliokuwa wakijaa sebuleni kwetu wakapungua mmoja mmoja. Wa mwisho alikuja akaishika pedi ya kuchezea kwa leso, akiogopa jasho la kaka yangu.

Elisha akamwambia, "Hata hao wa kwenye gemu wanarushiana jasho kutwa nzima, na hakuna anayeumwa."

Kijana alicheka, lakini hakurudi. Novati ndiye hakufika hata mara moja. Tukasikia yuko Kimwani kwa mjomba wake, anaezeka nyumba. Nikajaribu kucheza mimi badala yake. Nilibonyeza vitufe vyote kwa pamoja kama mtu anayeua kunguni, na Elisha alinitwanga huku mkono mmoja umeshika kikombe cha uji.

Sasa, Jumamosi hiyo. Mzee wetu Ta Samsoni, mdogo wake baba, alikuja na baiskeli amefunga mzigo wa nyasi. Wewe ni mtoto wa siku hizi, ngoja nikueleze. Kwetu penye msiba nyasi hutandazwa ndani, waombolezaji wakalala juu yake. Na kwa jinsi tulivyokuwa tukizika miaka ile, nyasi za karibu na mji zilikwisha, kwa hiyo mtu mwangalifu alikata mapema. Ta Samsoni alikuwa mwangalifu, na alitupenda. Akautua mzigo wake nyuma ya jiko, chini ya dirisha ambalo kitanda cha Elisha kilikuwa kimeegeshwa kando yake.

"Baba mdogo," Elisha akaita kutoka ndani, "hizo nyasi za nani?"

Mzee wa watu alishika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili. "Ni za akiba tu, waitu, mwanangu. Za akiba."

Elisha hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kuutia moto ule mzigo. Aliniita akasema, "Koku, kaniletee Novati. Sitaki aje kunililia. Nataka tucheze."

Niliondoka na kanga niliyokuwa nimeivaa. Nilipanda basi hadi Muleba, na pale nikasubiri gari la kwenda Kimwani nikizunguka stendi mpaka utingo mmoja akaniambia, "Kaa dada, utatuchimbia barabara." Sikukaa. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba Elisha atafumba macho akijua sote tumeshamzika.

Nilimkuta Novati juu ya paa, misumari mdomoni. Aliponiona akaitema.

"Amekufa?"

"Hajafa. Anakutaka ukampige."

Akageuza uso. "Koku, siwezi. Tulikuwa pamoja kila mahali, mimi na yeye. Nikimwona vile, najiona mimi."

"Basi teremka ukajione," nikamwambia. "Mimi sina muda wa kuongea na mtu aliye juu ya bati."

Alichukua nyundo yake, nikadhani nimemkosa. Kisha akashuka, akanawa mikono, akamuaga mjomba wake.

Tulifika Bakoba kesho yake mama akiwa ametoka kanisani. Novati alimsalimu kwa heshima zote, akaingia chumbani, akasimama. Elisha alikuwa mifupa na macho, sikufichi. Mama na mimi tulikwisha kuihamishia televisheni kando ya kitanda tangu aliposhindwa kuinuka. Novati akaketi, akashika pedi kwa mkono mtupu.

Raundi ya kwanza Elisha alishinda. Lakini hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba mpiganaji wa Novati alikuwa amesimama tu, anapigwa, hajikingi. Elisha akaweka pedi juu ya blanketi.

"Novati, na wewe umeniletea nyasi?"

Novati hakuelewa, ila aliona ule uso.

"Bado sijafa," Elisha akasema. "Ukinihurumia nitakufukuza humu ndani. Nipige!"

Novati akajifuta macho kwa bega, akasogeza kiti. Raundi ya pili alimpiga kweli, na matusi yao ya zamani yakarudi, mpaka mama akauliza mnatukanana hivyo siku ya Bwana? Ya tatu walikwenda nguvu sawa, nami nimesimama nimeng'ata kanga, na mwisho Novati akamwangusha. Elisha alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Mama alikimbilia na maji, naye akausukuma mkono wake.

"Mama, umeona alivyonipiga?" alisema kwa majivuno. "Tena!"

Novati alikuja kila siku baada ya hapo. Wengine wawili watatu wakaona aibu, wakarudi pia. Elisha alifariki mchana mmoja chumba kikiwa na watu, na Novati alikuwa katikati ya kumwambia kwamba jana amecheza kijinga. Makaburini watu walitegemea maneno mazito kutoka kwa rafiki. Novati akasema, "Nilimshinda kwa shida sana." Wazee walinung'unika, lakini mama yangu aliitikia kwa kichwa, akatabasamu mbele ya kaburi la mwanawe.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu nimesikia rafiki yako yuko kitandani na hujaenda, eti hujui utasema nini. Nenda. Usiende na sauti ya msibani. Mbishie, mtanie, mwombe akufundishe kitu, na kama mnacheza, mshinde ukiweza. Mtu anayepumua ana haki ya kutendewa kama mtu, mpaka pumzi ya mwisho. Kulia kutakuwa na siku yake, wala hutahitaji kufundishwa.

Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kwa mgonjwa, na ukishafika, akupe makalio mazito. Haya, vaa viatu.