Kengele Mbili na Mstari wa Kijani

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwalimu wa fizikia Mpanda, shule yetu ilipata osiloskopu. Ilikuja na treni ya Tabora, imeshatumika, kitufe chake kimoja kimevunjika. Niliipokea stesheni mwenyewe na sikukubali mtu mwingine aibebe. Walimu wenzangu walinicheka wiki nzima, wakiniuliza mahari yake nimemlipa nani.

Waacheni wacheke. Ukigonga kitu mbele ya kipaza sauti kilichounganishwa nayo, mstari wa kijani kwenye kioo chake unapanda na kushuka, na hapo unaiona sauti kwa macho. Wanafunzi wangu niliwafundisha mambo matatu. Vilima vya mstari vikiwa virefu, sauti ni kubwa. La pili, vilima vikisongamana, sauti ni nyembamba. Vikiachana, ni nzito. La tatu ni umbo la kilima chenyewe, kama ni laini au kina mikunjo, na hilo ndilo linalokufanya utofautishe filimbi na sauti ya shangazi yako hata vikitoa sauti ya wembamba ule ule. Hilo la tatu nilikuwa nalipitia haraka haraka, kwa sababu kwenye mtihani haliulizwi sana.

Sifa za mashine zikafika vijijini. Siku moja mwenyekiti wa kijiji jirani alikuja shuleni na kesi. Kijijini kwake kulikuwa na mjane wa Kisukuma, aliyehamia huku na marehemu mumewe wakiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga. Ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa akiwalisha wajukuu wanne, alikuwa amepotea porini na kengele yake shingoni. Sasa vijana wa mama huyo walikuwa wamemkamata mrina asali mmoja, Mkonongo wa upande wa Inyonga, akipita na baiskeli yake yenye madumu ya asali, na kengele ya ng'ombe imefungwa kwenye usukani. Mwenyewe alisema aliiokota porini juu ya kisiki. Vijana walisema amemchinja ng'ombe wa mama yao.

Ushahidi ulikuwepo, wa namna yao. Mume wa yule mama alipoagiza kengele kwa mhunzi, aliagiza mbili, moja ya ng'ombe na moja ya mtamba wake. Mhunzi alizikata kutoka kwenye jembe moja kuukuu, akazigonga mpaka zikalia kwa sauti moja, ili mama na mtoto wasipoteane machungani. Ya mtamba ilikuwa bado ipo.

"Nyie si mna mashine inayoonesha sauti?" mwenyekiti aliniuliza. "Zikiwa pacha, huyu bwana atalipa ng'ombe. Kama hana ng'ombe, ataacha mizinga yake yote."

Nilikubali kabla hajamaliza. Tangu mashine ifike, nilikuwa natafuta mtu wa kumwonesha.

Jumamosi asubuhi tuliwasha jenereta. Maabara ilijaa: vijana wanne wamesimama na fimbo zao, mrina asali amekaa kwenye stuli akikunjakunja kofia, na yule mama amejifunga kaniki. Niligonga kengele ya mtamba. Nikahesabu vilima kwenye kioo: sita. Nikagonga ile ya baiskeli. Sita. Nikarudia zote mbili, sita kwa sita.

"Ni pacha," nikatangaza. Nakumbuka nilivyotamka kwa raha, na ninaona aibu mpaka leo.

Mrina asali alishuka kwenye stuli akapiga magoti. "Madam, mimi sijaua ng'ombe wa mtu. Mizinga ndiyo shamba langu." Kijana mmoja akamshika bega.

Yule mama akainua mkono. "Igonge tena hiyo yake, mwalimu."

Nikagonga. Alikuwa ameipa mashine mgongo, anatazama ukutani. Akaniomba tena, na tena.

"Hii siyo," akasema.

"Mama! Mashine imesema!" mwanawe mkubwa akaruka.

"Mashine imesema, na mimi nimesikia. Zangu zinakohoa ndani kwa ndani, zote mbili, tangu zitoke kwa mhunzi. Hii haikohoi."

Nilikasirika, sitaficha. Shahada yangu, mashine yangu, halafu mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa ananiambia nimekosea? Nikagonga zote mbili kwa nguvu ili nimwoneshe zile sita. Ndipo nikaona kitu ambacho macho yangu, yaliyokuwa yanahesabu tu, yalikiruka. Kwenye kengele ya mama, kila kilima kilikuwa na jino dogo begani. Kwenye ile nyingine vilima vilikuwa laini. Idadi ni moja, umbo ni mbalimbali. Lile somo la tatu, nililokuwa nikiwarukisha wanafunzi, mama huyu alikuwa amelifaulu kwa masikio peke yake.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku ile mimi nilikuwa nimenyoa. Nikasema mbele ya wote kwamba nimekosea, nikawaonesha lile jino. Mwenyekiti aliinamia kioo, akakohoa kidogo, kisha akamwambia mrina asali achukue baiskeli yake. Bwana yule alimshika mama mikono yote miwili.

Nje ya mlango nilimsikia mwana mkubwa akinung'unika. "Ungenyamaza tu mama, saa hizi tuna ng'ombe."

"Niwanyweshe wajukuu wangu maziwa ya dhuluma?" akajibu. Nimekutana na maprofesa tangu siku ile, na bado sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye pale mlangoni. Alikuwa anamtaka ng'ombe wake kuliko wote waliokuwa mle ndani, na neno langu moja lenye makosa lingempatia mwingine.

Watu walipotawanyika, alirudi peke yake na kengele mkononi.

"Niwashie tena, mwalimu. Igonge hii yangu."

Nikaigonga. Nikamwonesha kwa kidole, nikimwita mama kwa Kisukuma chake. "Kikohozi chenyewe ni hiki hapa, mayu."

Alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Akaufuta kwa ncha ya kaniki.

"Ng'ombe wangu naye alikuwa akija jioni hivihivi, kikohozi kinamtangulia," akasema. "Gonga tena."

Ng'ombe yule hakupatikana kamwe. Siku hiyo niligonga mpaka petroli ikaisha kwenye jenereta.