Mabega ya Kaka

Parokia yetu ilipoandaa hija ya Ulaya, mimi sikuwa na mpango wa kwenda. Nimestaafu ualimu, nyumba yangu ya Tabora mjini ina kivuli cha kutosha, na miguu yangu haipendi kukimbizwa. Aliyenivuta ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa; wao wanalima tumbaku kule Usoke. Watoto wake walimchangia mama yao nauli, naye akasema haendi nchi za watu na wanakwaya wasiojua hata chai yake anainywaje. Kaka mwenyewe alikataa katakata. Alisema kanisa la Usoke linamtosha, na analifikia kwa baiskeli. Basi tukaenda wifi na wifi, chumba kimoja, siti za jirani, na vidonge vya presha vya aina moja, maana presha hiyo sote wawili tunayo.

Aliyetunga ile ratiba hakuwa na kibofu. Nchi tano kwa basi! Roma tuliiona kwa kukimbia, Asizi tukaiona kwa kupanda, na kila mahali yuko mbele yetu kijana wa Kiitaliano, kiongozi wa msafara, ameinua kibendera cha rangi ya chungwa. Neno moja tu la Kiswahili alilijua, nalo ni haraka. Sijui nani alimfundisha, ningemkamata ningemchapa. Babu zetu waliobeba pembe kutoka Unyamwezi hadi pwani, walipofika penye maji walitua mizigo, wakapika, wakalala. Sisi hatukutua. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, ukiinua macho bendera imeshakata kona.

Wifi ndiye aliyefurahi. Aliimba ndani ya basi, akanunua rozari za wajukuu, akamwita yule kijana mkwe wake na kumwambia mahari anaitaka kwa ng'ombe, si kwa yale makaratasi yao. Kijana hakuelewa kitu, lakini alicheka. Nilianza kusema moyoni, kumbe nilifanya vizuri kuja.

Tulilala Padua. Asubuhi tukapanda basi kuelekea Austria, na kabla ya mpaka tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wetu wa kiume, anayekaa Tabora. Hakunisalimia. Aliniuliza kama niko peke yangu, na mtu akikuuliza hivyo kutoka nyumbani, umeshajua. Nilisogea nyuma ya matangi ya gesi.

"Dada," akasema, "kaka ametutoka."

Alianguka kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, akiwa anaangalia moto. Walimkimbiza kwa gari mpaka hospitali Tabora, lakini alikata roho njiani. Mdogo wangu alisema ukoo umekaa. Tiketi zetu ni za kundi, kuzibadilisha kungekula siku zile zile, na safari ilikuwa inakaribia kuisha. Mwili utangoja mochwari, mazishi tukifika. Kisha akaniambia lile jambo lenyewe. Wifi asijue. Afike kwanza, aketishwe chini na watu wazima, aambiwe akiwa nyumbani kwake. Akipata habari ndani ya basi katikati ya Wazungu, na presha ile, tutarudi na majeneza mawili.

Sikubisha. Kwetu mtu aliye njiani hapewi msiba. Ataambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, apande gari aje, na akikuta turubai na viti uani ataelewa mwenyewe. Mimi mwenyewe nimeshawasindikiza wengi kwa uongo huo, nikiwapigia soga njia nzima. Sikuwahi kuufanya na mimi nikiwa mfiwa.

Nilitaka kulia. Huyu ndiye kaka aliyenibeba mabegani kuvuka mto uliofurika tulipokuwa tunakwenda shule, akaniambia nikimvuta masikio ananitupa. Lakini ukilia unatoka na macho mekundu, na macho mekundu yana maswali. Nikaingia chooni, nikanawa uso kwa maji ya baridi mpaka ukafa ganzi. Nilipotoka, wifi alikuwa amesimama kando ya basi na vikombe viwili vya chai. Akasema nimekawia, ni tumbo? Nikasema ni tumbo. Akanipa kikombe kimoja, tukapanda.

Mimi ni mtu wa kusema. Shuleni nilijulikana hivyo, na kanisani hivyo hivyo. Kunipa mimi siri ni sawa na kuteka maji kwa tenga, na mdogo wangu analijua hilo, lakini hakuwa na mtu mwingine. Jambo la kwanza nililofanya ni kumwomba wifi simu yake, nikisema yangu ina waya mzuri wa kuchajia na yake nitaichaji pamoja. Alinipa. Nikaizima, nikaitumbukiza chini kabisa ya begi langu chini ya soksi chafu. Tuliposimama tena nilimfuata Padre wetu, nikamweleza, nikamwapisha asimwambie mtu. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Akafungua mdomo kama anayetaka kuniambia kitu, kisha akaufunga na kwenda kuwahesabu watu.

Toka hapo sikuona Ulaya. Watu huniuliza milima ya Austria ikoje, na mimi ninachokumbuka ni mawe yaliyokuwa yanapita nyuma ya kichwa cha wifi. Nilichokuwa nakiangalia ni simu za watu. Wanakwaya walikuwa na kundi lao la kutumiana ujumbe na wenzao waliobaki nyumbani, na nilijua siku yoyote mtu atatuma tangazo la msiba na jina la kaka. Mwanamke akiinamia simu, mimi namchungulia begani. Mmoja wa siti ya mbele alipiga ukelele, jamani, nikaruka mpaka mkoba ukaanguka. Kumbe ameona bei ya kahawa.

Usingizi ulinikataa. Chakula nacho kilinikataa, na hilo lilikuwa hatari, maana wifi alinikazia macho. Alinisukumia mkate, akanimenyea yai, akaniuliza kama nimekunywa vidonge. Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto. Nilikuwa na hasira naye, kusema kweli. Alikuwa anakula vizuri, analala vizuri, anauliza jina la kila mto, na kila alipocheka nilimwona atakavyokuwa siku tutakaposhuka mbele ya ule uwanja wake na kukuta watu wamekaa. Nilijiona mwuaji anayekula meza moja na mtu wake.

Halafu akaanza kumnunulia kaka nguo.

Ilianzia Munich, Ujerumani. Vitu vya wajukuu aliacha, akasema watoto wameshapata vya kutosha, sasa ni zamu ya mzee. Na kwa kuwa hakujua vipimo vya huko, kipimo kikawa mimi. Mabega ya kwetu ni mapana, wake kwa waume, na watani wetu husema ndiyo yale yale yaliyozoea pembe za ndovu. Basi wifi alinisimamisha katikati ya duka, akanigeuza, akanibandikia shati mgongoni na kulivuta huku na huku. Nikasimama hapo, na shati la mtu aliyelala mochwari likiwa limeshika mabega yangu, na mimi natabasamu. Aliliacha la mistari ya bluu, ambalo kaka angelikimbilia, akachukua jeupe. Nikamwambia jeupe na vumbi la Usoke wapi na wapi. Akasema hili si la shamba, anataka apendeze.

Nilimtafuta Padre, nikamwambia siwezi tena, nataka nimwambie. Padre alifuta miwani yake, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Alisema tuvumilie, Mungu anajua. Nilimwona siku hizo anakaa siti ya nyuma kabisa, hataki kukutana na macho yangu, na macho ya wifi vile vile. Nikasema moyoni, naye imemshinda.

Uswisi kulikuwa na kanisa kubwa, na sanamu ya Mama Maria mweusi ndani yake. Niliwasha mshumaa wa kaka. Wifi akaja akasimama pembeni yangu, akauliza ninamwombea nani. Nikasema ninawaombea wote. Akawasha wa kwake, hakusema ni wa nani, na bendera ya chungwa ikatuita nje kabla hata nta haijaanza kutiririka.

Kutoka hapo tuliingia kwenye handaki chini ya mlima, refu, giza, na taa zinapita moja moja. Nikasema nitamwambia humu, humu hakuna atakayeuona uso wake. Nilimshika mkono. Akaugeuza, akaushika wangu kwa nguvu, akasema handaki hili linamtisha. Nikamwambia linaisha sasa hivi. Mwanga ulipotokea mbele, yeye ndiye aliyeachia kwanza, akafungua pipi akanipa.

Strasbourg, nchi ya Ufaransa, tulipewa nusu saa. Kijana alituonyesha saa yake, akatuonyesha basi, akasema lile neno lake. Watu wakakimbilia kanisa kuu. Wifi akanivuta mkono upande mwingine, kwenye duka la nguo za kiume aliloliona tukiwa ndani ya basi. Safari hii hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye suti nyeusi, akaichomoa, akanivalisha koti juu ya gauni langu. Binti wa duka alitushangaa, lakini akaja na tepu yake, na kwa Kiingereza changu cha ualimu nikamweleza kwamba ni la kaka yangu, tunalingana. 

Wifi alifunga vifungo kimoja kimoja. Akapiga hatua nyuma, akaangalia, akarudi kunyoosha kola. Akasema linakaa. Kisha akamwonyesha binti soksi, nyeupe, akachagua zile nyembamba. Binti akafurahi, akaleta viatu, vyeusi, vya ngozi, akaeleza kwamba ukichukua na suti unapunguziwa bei. Nilimtafsiria. Nikaona ni viatu vizuri, na nilikuwa nimeshazoea uongo wangu mpaka nikausaidia. Nikasema, "Chukua, wifi. Kaka hana viatu vya kuvalia suti hii."

"Viatu hapana," akasema.

Alisema hivyo akiwa ameinama, anazipanga zile soksi, kisigino juu ya kisigino. Mimi nimeshasaidia kuvalisha marehemu, wa kwetu na wa majirani. Shati jeupe atavalishwa. Suti atavalishwa, na soksi. Viatu havalishwi, kwetu haendi navyo.

Niliangalia zile soksi. Nikaliangalia koti nililolivaa. Nikashika meza ya binti wa duka.

"Umejua lini?" nikamwuliza.

"Padua. Mlipokuwa mezani mnakunywa chai ya asubuhi." Hakuinua macho. Alisema alimpigia mwanawe mkubwa, akataka aongee na baba yake, na mtoto akashindwa kusema uongo. Akalia tu. Alipotulia alimwomba mama yake jambo moja, kwamba shangazi asijue mpaka tufike, kwa sababu ya presha yake. Wifi akamwendea Padre kabla hatujapanda basi, akamwapisha.

Padua. Kwa hiyo pale kituo cha mafuta, na vikombe viwili vya chai mkononi, alikuwa ameshafiwa. Alikuwa mjane anayenisubiri nitoke chooni. Na simu aliponipa bila neno, na yai alilonimenyea, na mkono ndani ya handaki. Nilikuwa nimemkasirikia mwanamke huyu kwa kula vizuri.

Nikasema, "Wifi, mimi niliambiwa siku hiyo hiyo."

Hapo ndipo alipoinua uso. Midomo ikamtetemeka, nikafikiri sasa ndiyo presha yenyewe. Lakini alisema tu kwamba kumbe tumechoshana bure. Mlango ukafunguka, kijana akaingia na bendera yake, anaonyesha saa, anasema haraka, haraka. Wifi hakumtazama. Mimi machozi yalikuwa yameshafika, yote ya kutoka Italia, yameniziba pua, na nilikuwa napumua kwa mdomo nisije nikapiga yowe dukani kwa watu.

"Lia, wifi," akaniambia. "Lakini vua koti kwanza. Usimlowanishie."

Nikafungua vifungo. Viwili vya chini alivifungua yeye. Alilichukua koti, akalikung'uta mabega, akalikunja ndani nje kama mtu anayejua, akampa binti wa duka na zile soksi juu yake. Kisha akakaa chini, pale pale sakafuni, akanyoosha miguu, akafunika kichwa kwa kitenge chake, na kunipigia pigia sakafu kwa kiganja, nikae.