Mstari wa Ishirini na Nane

Baba yetu alipanda chai kwa kamba. Shamba lake, juu ya Wamagana, ni la pembetatu, kwa kuwa vijito viwili vinalibana hadi vinapokutana bondeni. Mstari wa chini kabisa una michai mitatu. Kila unaofuata, ukielekea juu, una miwili zaidi. Mistari ni arobaini. Nimeihesabu mwenyewe.

Alipofariki, shamba lilipaswa kugawanywa sawasawa baina ya ndugu yangu mkubwa na mjane wa kitinda mimba wetu. Mimi nilikuwa nimepewa changu kwingine. Sikuwa na la kudai. Wazee wa ukoo wakaamua mpaka upite juu ya mstari wa ishirini: mkubwa achukue sehemu ya juu, mjane ya chini.

"Hiyo si nusu," nikasema.

"Ishirini na ishirini si sawa, mwalimu?" akauliza ndugu yangu. Wazee wakacheka.

Nikawaeleza. Ukianzia chini, jumla ya michai ni idadi ya mistari mara idadi hiyo hiyo ukiongeza mbili. Ishirini mara ishirini na mbili ni mia nne na arobaini. Shamba zima, arobaini mara arobaini na mbili, ni elfu moja mia sita na themanini. Nusu yake ni mia nane na arobaini, yaani ishirini na nane mara thelathini. Mpaka ulistahili kuwa juu ya mstari wa ishirini na nane.

"Baba yenu alisema katikati," akasema mzee mmoja.

"Alikuambia wewe?"

"Watu walisikia."

"Watu gani?"

Ndugu yangu ndiye aliyejibu: "Ati huyu mama amepata hata maji ya bondeni ya kuosha sufuria, na bado unamlilia!"

Mjane akanivuta koti. "Shemeji, acha. Wewe utarudi kwako. Mimi nitabaki na hawa."

Sikuacha, lakini jioni hiyo walipanda maua ya itoka, ambayo kwetu ndiyo mpaka, juu ya mstari wa ishirini.

Siku za kuchuma, shemeji yangu hufika kituo cha kupimia majani na kikapu kimoja, huku vibarua wa ndugu yangu wangali shambani. Juzi nilisimama pale, nikawasikia wanawake wawili kwa masikio yangu.

"Huyo ni mvivu," mmoja alisema. "Shamba waligawana nusu kwa nusu."