Chama cha Kuzikana Kimenikana kwa Sababu ya Njia ya Kimya ya Himalaya

Kosa ambalo wengi hufanya wanapochagua njia ya kupanda Himalaya ni kudhani kwamba penye watu wengi ndipo penye usalama. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na nawaambia mlima haujali umekuja na nani. Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyalainishe. Hasira iliyomo nimeitia makusudi.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita, Mkenya, mjane, mstaafu. Nimeishi Johannesburg tangu binti yangu akiwa mgongoni, na sina mtoto mwingine. Wakenya wa hapa tuna chama cha kuzikana, nami ni mmoja wa waliokianzisha. Kwa asiyejua, mtu akifia ugenini, chama ndicho kinachoshughulikia karatasi, kinasafirisha mwili, na kinatoa watu wa kuusindikiza mpaka nyumbani. Mume wangu alirudishwa kwetu Vihiga, Kenya, namna hiyo. Kando ya kaburi lake pameachwa nafasi yangu.

Basi daktari akamwambia mwenyekiti wetu atembee kwa sababu ya kisukari, naye akaamua tutembee sote. Kila Jumamosi tunapanda milima ya Magaliesberg tumevaa fulana za aina moja, na spika ya muziki inaning'inia kwenye begi la mtu. Mwaka huu wakaamua kwenda Nepal, kwenye kambi ya chini ya Everest. Nikasema Nepal nitakwenda, ila si pamoja nao. Mimi nataka Kanchenjunga, mashariki kabisa, ambako wageni ni wachache.

Niwaeleze tofauti, maana chamani hakuna aliyetaka kuisikia. Njia ya Everest ina nyumba za wageni karibu kila unapochoka, na ukiugua kuna wa kukusaidia. Lakini ugonjwa wa kimo huwapata sana wanaopanda haraka, na kundi kubwa humkimbiza mtu. Anaumwa kichwa, ananyamaza ili asiwacheleweshe wenzake. Msidanganyike pia kwamba kwa kuwa Johannesburg iko juu basi mapafu yetu yamezoea. Kwa Himalaya, sisi bado tuko bondeni. Njia ya Kanchenjunga ni ndefu, malazi ni ya kawaida sana, na mawingu yakifunga hakuna helikopta itakayokuja. Hilo silifichi. Ndiyo maana nimepanga siku za ziada za kupumzika, na kiongozi anayejua kwamba nikisema tushuke, tunashuka.

Jumapili moja baada ya ibada tukakutana mtaa wa La Rochelle hapa Johannesburg, nyumbani kwa mwenyekiti. Nilidhani ni kikao cha kawaida. Chapati zilipokwisha akasoma kanuni mpya: mwanachama atakayekwenda kwa hiari yake mahali pasipofikika kwa urahisi, akifia huko, chama hakitahusika. Watu wakanitazama huku wakitafuna.

"Eish, Mwalimu," akasema mwenyekiti, "ukifa ukiwa na sisi, tutakubeba hata mgongoni. Ukifa huko kwako, uzikwe na mbuzi wa barafuni."

Wakacheka. Mweka hazina akadakia kwamba mbuzi wenyewe watadai nilipe kiingilio. Nikawaambia kwamba kelele zao nitazivumilia nikiwa kwenye jeneza, kwa sasa nataka kimya. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, nami nikageuka kumtafuta binti yangu. Mkono wake ulikuwa juu.

Mwenyekiti hakutosheka. Akanitabasamia, akasema, "Usituchukie sisi, Mama. Hoja hii imeletwa na mwanao."

Tulirudi katika gari la binti yangu. Tukasimamishwa na robot, yaani taa za barabarani. Nikamuuliza tangu lini nimekuwa mzigo wa kujadiliwa na watu. Yeye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini siku hiyo alikitafuta chote.

"Mama, Baba alipokufa ni mimi nilisimama airport kungoja sanduku. Sasa wewe unaniambia sanduku lingine halitakuja hata. Nilitaka uogope. Hauogopi kitu ingine, nikajua hii utaogopa."

"Kwa hiyo umechukua kaburi la baba yako ukanitishia nalo?"

"Ndiyo," akasema. Taa ikawaka kijani, akaendesha.

Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo. Ananiletea dawa ya presha, anaiweka mezani, anaondoka. Najua ana uchungu, na uchungu wake una haki. Lakini alikuwa na mlango wa kubisha na mama wa kumlilia, akachagua kuniaibisha mbele ya watu ambao nimewazikia wazazi wao. Hilo halijanitoka, na sitajifanya limenitoka ili nionekane mama mwema.

Magoti yangu yana safari moja kama hii iliyobaki, labda hata hiyo hayana. Nikiacha, nitazikwa vizuri kando ya mume wangu, nikiwa nimeishi kwa kura ya mwenyekiti. Kwenda na wao na spika yao sitaki, heri nibaki na viatu vyangu kabatini. Nikienda peke yangu na jambo likatokea, ile nafasi ya Vihiga itaota majani, na binti yangu atakuwa hana mahali pa kuweka shada. Kila nikiweka upande mmoja, mwingine unanielemea.

Msiniambie nimsamehe mtoto. Hilo ni letu. Msiniletee aya wala kisa cha jirani yenu aliyefia Kilimanjaro. Nimekwama kwenye swali moja tu, na wa kulijibu ni aliyetembea huko: kimya cha njia ile kinastahili mtu apoteze mahali pake pa kuzikwa? Kama umepita njia ya Himalaya yenye watu wachache, niandikie leo.