Miguu ya Maige

Zuhra wa Ngokolo alikuwa na masikio mazuri, lakini aliyaamini zaidi macho. Chumba chake cha kurekodia kilipakana na mashine ya kusaga, na mngurumo wake ulipenya hata kwenye magodoro aliyoyagongomelea ukutani. Basi akajifunza kuutazama. Programu ya bure iitwayo Audacity iliigeuza sauti kuwa picha: muda ukienda kulia, sauti nene zikikaa chini, nyembamba juu, na kila palipovuma kwa nguvu paking'aa. Mngurumo ulionekana chini kabisa, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Zuhra aliufuta, wimbo ukabaki.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta Mzee Maige, mkulima wa Tinde, pamoja na kundi lake la ngoma. Redio ya mjini ilikuwa imewarudishia wimbo kwa sababu ya kelele. Ukifika msafi kabla ya Jumamosi utapigwa. Usipofika, nafasi itachukuliwa na wapinzani wao, ambao tayari mnadani walikuwa wakiwauliza kama siku hizi wanawaimbia kuku.

Waliimba, wakacheza, wakarudi Tinde. Zuhra akakaa kuufua wimbo. Ili aukamate mngurumo barabara, alipanua dirisha, yaani kile kipande cha muda ambacho programu hukichambua kwa mara moja. Dirisha pana huonyesha vizuri sauti ina unene gani, lakini hufifisha imelia lini. Juu ya picha akaona ukungu, kama vumbi la mtama unaopepetwa. Akauona ni uchafu, akaufuta wote, kisha akahifadhi juu ya rekodi ya kwanza ili kubana nafasi.

Alhamisi Maige alikuja na mkewe, Eufrasia. Alisikiliza hadi mwisho, akainama kuyatazama magoti yake.

"Fundi, sauti zetu zipo," alisema taratibu. "Lakini hapa tunacheza bila miguu."

Ilibidi Eufrasia aeleze: njuga, zile kengele wachezaji wanazofunga miguuni, hazimo. Watu wa kwao husikia njuga kwanza, ndipo waulize wimbo ni wa nani. Zuhra uso ulimwiva. Kwao, ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Tanga, kaswida huimbwa watu wameketi. Hakuwahi kuwaza kwamba mguu nao huimba. Akakiri kwamba rekodi ya kwanza haipo tena.

Eufrasia ndiye aliyecheka.

"Basi njoo uifuate hiyo miguu, mwanangu. Haijaenda mbali."

Ijumaa asubuhi Zuhra alifika uani kwao na kompyuta yake, akapokewa kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kutoka kila upande. Aliomba watikise njuga kwa mikono. Wakamtazama kama aliyeomba ng'ombe acheke. Njuga huchezwa. Ilibidi wausikie wimbo ili walingane nao, lakini ungepigwa kwa sauti ungerekodiwa pamoja na njuga, na visikilizio vya masikioni vilikuwa vya mtu mmoja. Basi Maige akavivaa, wenzake wakamtazama ili waanze naye, na baada ya hapo miguu ilijua njia. Wanaume wazima wakaruka na kutua pasipo wimbo wala ngoma, wakiuma midomo wasicheke. Mpinzani mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akasubiri wamalize, kisha akauliza kwa adabu pombe hiyo imepikwa na nani.

Safari hii Zuhra alibana dirisha. Ule ukungu ukawa mistari iliyosimama wima kama mabua shambani, kila kishindo mahali pake. Ila kila baada ya hatua moja, bua moja lilisimama peke yake, nyuma ya mengine.

Eufrasia aliligusa kwa kidole, akamwangalia mumewe. "Huyu ni Baba Mwigulu. Mguu wa kushoto. Anachelewa hivyo tangu anichumbie."

"Naweza kumsogeza akae sawa na wenzake," Zuhra alisema.

"Ukimsogeza, Tinde watasema si yeye."

Maige aliutazama mguu wake, hakuutetea. Zuhra akaacha bua lilipo, akaziunganisha njuga na wimbo, akaupeleka redioni jioni hiyo hiyo.

Jumamosi, kipindi kilipoanza, jirani wa Zuhra alizima mashine yake ya kusaga ili wasikilize. Njuga zikatangulia. Mama mmoja wa Tinde aliyesubiri unga wake akaanza kucheka kabla hata mtu hajaimba.

"Maige huyo," alisema. "Mpaka redioni anachelewa."